Chandarua cha Pili

Orodha ya utafiti wa malaria ilionyesha kwamba nyumba ile katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka ilipewa vyandarua viwili. Bienvenu, mdadisi aliyetoka Lilongwe asubuhi hiyo, alikiona kimoja tu juu ya godoro.

"Mama, cha pili kiko wapi?"

Mwanamke alilainisha mikunjo ya kitenge magotini.

"Tulimuzika nacho mutoto, mwezi wa tatu. Malaria njo ilimuuwa. Baba yake alisema mbu zisimufuate kule."

Swali lililofuata kwenye simu ambayo Bienvenu alijazia majibu liliuliza kama kuna mtu aliyelala ndani ya chandarua hicho jana usiku.

Bienvenu angeweza kujaza kwamba kimepotea. Mama alikuwa akikitazama kidole cha Bienvenu juu ya simu.

Akabonyeza "Ndiyo". Simu ikataka umri wa aliyelala humo.

"Iko na myaka ngapi, mama?" aliuliza, sasa kwa Kiswahili cha kwao mama huyo.

"Myaka ine," mama alisema, akamsogezea kiti.