Nyenje Awapanga Nondo kwa Koo

Nondo wa mabawa ya rangi hawakuwa na hofu na Mjusi. Aliwahi kumwonja mmoja wao, akashinda kutwa akitema mate, na tangu hapo akiona mabaka yao huwapita. Kisha akaja Nyenje, asiyejua kutulia, akataka kuwagawa kwa koo.

"Wenye madoa kushoto! Wenye mistari kulia!"

Kesho yake akavuruga yote, akaanza upya.

"Bwana Nyenje," akasema nondo mmoja, Bi Sikudhani, "jana uliniweka kwenye madoa, leo kwenye mistari. Kesho je?"

"Jana sikutazama vizuri. Hebu lete bawa."

Kila aliposhika bawa, unga wa rangi ulimganda mikononi, akajifutia kifuani. Siku ya saba nondo wote walikuwa weupe kama karatasi, na Nyenje amejaa mabaka.

"Kumbe ninyi ni ukoo mmoja!" akashangilia.

Mjusi akatokea. Akamtazama Nyenje, akatema mate, akampita. Akawaendea nondo.

"Sisi ni wachungu!" akalia Bi Sikudhani.

"Nitajuaje, mama," akauliza Mjusi, "bila kuonja?"