Onja Kwanza

Chupa ilinuka hata ikiwa na kifuniko chake. Syntiche aliishika kwa ncha za vidole, mbali na sketi yake, na bado mlinzi wa lango la ofisi ya mabweni aliziba pua. Ndani mlikuwa na maji ya home, kama wanafunzi wanavyoliita bweni lao. Yalikuwa na rangi ya chai iliyolala, na kitu kama uzi kikielea katikati.

"Acha iyo chupa inje," Paulin alisema. "Utanukisha bureau ya mukubwa."

"Président, si hii njo preuve yetu?"

"Preuve ni miye. Mi nitasema."

Akamnyang'anya chupa hiyo ya ushahidi, akaitupa chini ya maua ya uzio, akajifuta mkono kwa leso yenye manukato. Paulin ndiye mwenyekiti wa kamati ya wanafunzi. Alichaguliwa kwa kelele nyingi na fulana nyingi zaidi, naye hajawahi kulala home hata usiku mmoja. Anakaa kwa mjomba wake, nyumba yenye kisima. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na mwenye kisima hamjui anayetegemea robine, bomba la home.

Mkono wa pili wa Syntiche ulikuwa umebeba bidon, dumu la jus ya tangawizi. Yeye ni mjumbe wa home ya wasichana, mwanamke pekee katika kamati nzima, na kila wakienda kwa wakubwa Paulin humkumbuka kwa jambo moja tu. Jana alimwachia tangawizi, ndimu na sukari mlangoni. "Ingine utajua mwenyewe, maman," alisema, akaenda zake. Basi Syntiche alitwanga, akachanganya, akachuja kwa kitambaa, akachuja tena, mpaka harufu yote ikawa ya tangawizi.

Mawazo yake yote yalikuwa kwa Mapalo. Mapalo, mwenzake wa chumbani, amelazwa hospitalini kwa tifoidi, midomo imepasuka, dripu ya serumu mkononi. Daktari hakuzunguka mbuyu: bomba la home limetoboka karibu na shimo la choo. "Ubaambie, yaya," Mapalo alimnong'oneza, akimwita dada. "Bafunge ile robine mbele muntu akufe."

Ofisini kulikuwa na baridi ya climatiseur na sahani za kuku. Mkurugenzi wa mabweni, mtu mnene mwenye sauti ya upole, aliwakaribisha viti. Rachid, makamu wa Paulin, alianza kula kabla hajakaa vizuri, mafuta yakamtiririka mpaka kwenye saa yake.

Syntiche akamimina jus. Mkurugenzi hakuigusa glasi yake. Alimtazama tu, akingoja. Mjini hapa hakuna anayeudhika kwa hilo: anayeleta kinywaji huonja mbele ya macho ya watu, maana sumu inaogopwa kuliko radi.

"Onja kwanza!" Paulin alimkemea, kama mtu anayemfunza mtoto adabu.

Syntiche hakuonja. Alikunywa glasi nzima, taratibu, mkurugenzi akiangalia koo lake likipanda na kushuka. Tangawizi ilimtoa machozi. Hapo ndipo wanaume nao wakainua glasi zao, wakanywa, wakalamba midomo.

"Aya, ba étudiants banasema nini?" mkurugenzi aliuliza.

Paulin alisimama, akafunga kifungo cha koti. Alishukuru. Akashukuru tena. Alimpaka mkurugenzi mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka mzee wa watu akang'aa. Kisha akaomba basi la kwenda kwenye mechi, friji ya ofisi ya kamati, na mapazia, kwa sababu jua linawaunguza wajumbe wakiwa kazini. Syntiche alisubiri aseme habari ya maji. Paulin akakaa.

"Na maji ya home?" mkurugenzi aliuliza mwenyewe. "Nilisikia bantu banalalamika."

Syntiche alifungua mdomo. Paulin alimwahi.

"Hapana, mukubwa! Ile ni politique ya bavivu ba kusoma. Maji iko muzuri. Siye benyewe tunakunywaka."

"Kila siku!" Rachid alidakia, mfupa ukiwa bado mdomoni.

Mkurugenzi alicheka kwa raha, akaahidi friji. Bomba halikutajwa tena. Wakapeana mikono yenye mafuta, wakapongezana, Paulin akitafuta paja la mwisho kwenye sahani.

Syntiche aliwatazama kwa kinyaa. Hawa ndio waliotumwa na wasichana wanaokesha wakishika matumbo. Hawa ndio mdomo wa Mapalo. Fisi ana haya kuliko hawa, aliwaza, na alitamani kutema mate palepale kwenye zulia.

Hakutema. Aliinua bidon, akajaza glasi zote tena. Wakazimaliza tena.

"Ah, jus hii!" Mkurugenzi alifuta midomo. "Bibi yangu anatengenezaka, lakini haifikie hii. Unatiaka nini ndani, mama?"

"Tangawizi, mukubwa. Ndimu. Sukari." Syntiche alijimiminia, akaonja kwanza kama desturi inavyotaka, kisha akasogeza bidon kwenye glasi ya Paulin. "Na maji ya robine ya home. Niongeze?"