Kikaratasi cha Hemedi

Hemedi, muuza vitabu, alikuwa na desturi yake. Kila kitabu kipya alichompendekezea mteja, kiwe cha historia, cha sayansi, riwaya au tungo za kale, alikisoma kwanza mwenyewe, kisha akachomeka kikaratasi pale wasomaji wanapochoka, chenye neno la kuwatia moyo.

Asubuhi hiyo aliingia Bi Mwanamvua, mjane wa Mwalimu Chande, aliyetoka eda juzi. Alikumbatia riwaya ya mwisho aliyoichukua mumewe.

“Mimi sikusoma, mwanangu. Yeye ndiye aliyekuwa akinisomea kila jioni. Tulipofika kwenye hiki kikaratasi akasema amechoka, tutaendelea kesho. Hakuamka tena. Hapa pameandikwa nini?”

Hemedi aliutambua mwandiko wake mwenyewe. Alitaka kudanganya, akashindwa, akamsomea kilichoandikwa:

“Vumilia, Mwalimu. Mbele kunanoga.”

Bi Mwanamvua alikichukua kikaratasi, akaketi kwenye kigoda alichozoea kukalia mumewe.

“Basi nisomee huko mbele.”

Hemedi alifunua ukurasa. Bi Mwanamvua akangoja, kikaratasi kiganjani mwake.