Tezi Chini ya Sikio

Kashindye alipapasa chini ya sikio la ndama. Tezi ilikuwa imevimba, ngumu na ya moto, kama ya ng'ombe aliyemzaa.

Tangu wafugaji waachiwe kujinunulia dawa ya josho, kupe walikuwa wamezidi kijijini Masanze.

“Ni ndigana, mama,” alisema daktari wa mifugo. “Tezi ni kambi ya askari wa mwili. Kidudu kinacholetwa na kupe hakiwaui. Kinawabadilishia amri, wanazaliana kwa faida yake.”

“Na dawa?”

“Imebaki ya mmoja tu. Nikimchoma mkubwa, ndama hapati. Na ndama ndiye mwenye nafasi ya kupona.”

Nyumbani, mjukuu wa Kashindye aliyefiwa na mama alikuwa akiishi kwa maziwa ya ng'ombe huyo mkubwa.

“Mchome mkubwa,” alisema Kashindye, akamvuta ndama kando kumpisha daktari.