Barua za Moyo

Bi Sikudhani aliipokea karatasi ya kipimo kwa mikono miwili, kama apokeaye kichanga. Jumamosi mjukuu wake anaolewa, na hakuna harusi ya ukoo ule iliyowahi kuchezwa bila chapuo lake. Lakini daktari alikwisha kumkataza kugusa ngoma mpaka damu ipimwe tena.

Mwezi uliopita hesabu ya kipimo ilikuwa elfu mbili na mia nne. Leo mia tatu.

"Basi nimekwisha, mwanangu," akasema. "Moyo umeporomoka kiasi chote hiki?"

Daktari Kibwana akavuta kiti karibu. "Bibi, kitendawili."

"Tega." Mdomo ulijibu kabla hajataka.

"Nikielemewa naandika barua nazitia kwenye damu, nikipata nafuu naweka kalamu chini."

Bi Sikudhani akaitazama miguu yake, ambayo wiki ile ilikuwa imepungua uvimbe na kukubali viatu tena.

"Nipe mji, bibi."

"Mji sijampa mtu tangu nizaliwe, nije nikupe wewe wa juzi? Ni moyo."

"Ndiyo huo. Ukizidiwa hutoa homoni, nasi twaihesabu. Ikipungua, moyo umepumua."

"Kumbe zilikuwa barua za malalamiko!"

"Na dawa usiache. Jumamosi nakupa nyimbo tatu tu, kisha umwachie mwingine."

"Tatu ndefu," akasema Bi Sikudhani.

Vidole vyake vilikwisha kuanza juu ya meza, taratibu, kisha kwa kasi. Na muuguzi aliyekuja na faili la mgonjwa mwingine akakwama mlangoni, bega moja likimchezea lenyewe.