Gundi Haijashika

Baba aliniinulia kidole hata kabla sijafungua mdomo.

"Baba, Mama anakuita," nilisema. "Safari hii njoo kweli."

"Ngoja gundi ishike. Nikiachia sasa uzi utalegea, bawa lipinde."

Alikuwa ameinamia kindege chake cha mbao, mfano wa zile ndege za zamani zenye mabawa ya ghorofa mbili. Kwa kibanio alivuta uzi mwembamba kama unywele kutoka bawa la juu hadi la chini. Ulikuwa uzi wa mwisho. Nyingine zote zilishakazwa kama za gitaa.

Mkono wake haukutikisika hata kidogo. Mkono huohuo, akimshikia Mama kikombe, hutetemeka mpaka maji yanamwagikia shingoni, kisha Baba husema kuuguza si kazi yake, na kurudi mezani.

Ningeweza kumpokonya kile kibanio. Badala yake nilisimama kama mgeni anayengoja kukaribishwa, nikitazama tone la gundi likipoteza mng'ao, huku nikisikiliza kifua cha Mama kikikoroma nyuma ya ukuta.

Halafu sikukisikia tena.

Baba aliachia kibanio polepole. Aligusa uzi kwa ukucha, nao ukalia, mlio mdogo kama wa mbu. Nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba tuliusikia wote wawili.

"Umesikia?" alisema, uso umemchangamka. "Umekaza barabara."

Akafuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja.

"Haya. Mama yako alikuwa anataka nini?"