Kata Kulia

"Nimesema kata kulia!"

Fundi cherehani alikanyaga breki. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola. "Si ndiko nilikokata, mkuu?"

"Huko ni kushoto. Shuka."

Alikuwa wa nne kufeli asubuhi hiyo, na wote kwa kosa lilelile. Alikwenda kusimama karibu na geti, akanyanyua mkono mmoja, akanyanyua wa pili, akatikisa kichwa kama mtu aliyekabidhiwa nguo isiyo yake.

Mtahini wa madereva alihuzunika, lakini hakushangaa. Alikuwa amehamishwa kutoka chumba cha mafaili na ile ndiyo siku yake ya kwanza barabarani. Tayari alikuwa ameelewa kwa nini magari hugongana: watu wazima hawajui mambo ya darasa la kwanza. Yeye aliyajua. Mwalimu wake hakuwa na mchezo na kunawa mikono, kunyoosha mstari, wala kulia na kushoto.

Mlango ukafunguliwa. Bibi mmoja mwenye miwani mikubwa akaketi kwenye usukani. Mtahini akaruka kitini hadi kichwa kikagonga paa.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Kaa vizuri."

Akakaa vizuri.

"Mwanangu, leo sina ruhusa ya kufeli. Mzee wangu macho yamekwisha na bado anang'ang'ania usukani. Juzi kaegesha gari ndani ya banda la kuku, na kuku wamo. Nikikosa leseni, ndiye atakayenirudisha nyumbani."

Nje ya geti, mumewe alikuwa akiupungia mkono mlingoti wa bendera, akidhani ni mkewe.

Mwalimu aliendesha kwa adabu. Alipisha baiskeli, akapisha mbwa, akapisha hata mfuko wa plastiki uliokuwa ukipeperuka. Mtahini aliomba dua kimoyomoyo. Wakafika njia panda.

"Kata kulia, Mwalimu."

Akawasha taa ya ishara, akatazama kioo, akakata bila kusitasita.

Mtahini aliinamia fomu ya matokeo, penseli mkononi, akatamani kuandika amefaulu. Lakini kanuni ni kanuni, hata kwa aliyekufundisha kushika penseli.

"Umefeli, Mwalimu. Nimesema kulia."

"Na huku ni wapi?"

"Kushoto."

Mwalimu alisimamisha gari kando ya barabara, akamgeukia. "Wewe! Mimi nafundisha kulia na kushoto tangu hujaota meno."

"Ndiyo maana sikosei. Ulituambia mkono unaoshika penseli ndio wa kulia, na tusisahau mpaka tunaingia kaburini."

"Ni kweli, nilisema."

"Basi mimi sijasahau hata siku moja."

Akauinua mkono wake juu, penseli ingali vidoleni, vilevile alivyokuwa akiuinua darasani kuomba kujibu swali.

Mwalimu aliutazama ule mkono wa kushoto mpaka miwani ikamteleza puani.